Damu Inapopita Njia ya Panya: Ugonjwa wa Mishipa ya Ini kwa Watoto

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Bwera, Kyarumba na wa makambini, Rwamwanja na Kyaka II, leo tunaye muuguzi wetu. Karibu, dada.

MUUGUZI: Asante, kaka. Nawasalimu kina mama na kina baba wote.

MTANGAZAJI: Tunazungumzia damu inayolikwepa ini. Kwanza, ini lina kazi gani?

MUUGUZI: Tuliopita Mpondwe tunaijua forodha: mzigo unakaguliwa, ndipo unaingia. Ini ni forodha ya mwili. Damu inayotoka kwenye utumbo hubeba chakula, lakini hubeba pia sumu kama amonia. Ini huisafisha kabla haijafika kwenye moyo, mapafu na ubongo.

MTANGAZAJI: Na kwa mtoto mgonjwa?

MUUGUZI: Amezaliwa na mshipa usiotakiwa kuwepo. Ndiyo njia ya panya: damu inapita bila kukaguliwa. Ni ugonjwa wa nadra, na daktari Mwingereza John Abernethy aliueleza tangu 1793. Si laana, si kosa la mama, wala hauambukizi.

MTANGAZAJI: Mzazi ataona nini?

MUUGUZI: Usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutetemeka, au kushindwa masomo. Wengine huhema wakicheza kidogo tu, midomo na kucha zikageuka rangi ya bluu. Mtoto huyo huitwa mvivu, akachapwa bure. Lakini malaria, upungufu wa damu na ugonjwa wa moyo huleta dalili kama hizi, kwa hiyo apimwe hayo kwanza. Njia ya panya yenyewe huonekana kwa ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea.

MTANGAZAJI: Inatibiwa?

MUUGUZI: Ndiyo. Kwa watoto wachanga, mishipa midogo iliyo ndani ya ini mara nyingi hujifunga kabla ya miaka 2. Daktari huifuatilia tu. Isipojifunga, hutumika katheta, yaani mrija mwembamba. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, mrija ukaingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa shingo, ukiongozwa kwa picha za eksirei. Tumbo halipasuliwi.

MTANGAZAJI: Ukifika, wanaziba?

MUUGUZI: Wanajaribu kwanza kwa puto dogo na kupima presha. Mishipa ya ini iliyozoea damu kidogo huwa myembamba. Ikipokea damu yote ghafla, presha hupanda na utumbo unaweza kudhurika. Presha ikiwa nzuri, wanaacha kizibo cha waya kibaki humo. Ikiwa juu, mshipa hufungwa hatua kwa hatua, au kwa upasuaji.

MTANGAZAJI: Huduma hiyo iko wapi?

MUUGUZI: Kule Mulago, Taasisi ya Moyo ya Uganda hutumia katheta kwa mioyo ya watoto. Mishipa ya ini inahitaji wataalamu wake, na daktari wa rufaa ndiye atakayeelekeza. Safari ni ndefu. Anza kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, kisha kituo cha afya, kisha hospitali kama Bwera au Kagando, halafu Fort Portal. Mkimbizi anatibiwa katika hospitali za serikali kama raia. Omba barua ya rufaa, na utunze kila karatasi ya vipimo.

MTANGAZAJI: Wakati wa kusubiri je?

MUUGUZI: Usimpe mitishamba wala dawa za usingizi. Akifunga choo, mpeleke kituoni, kwa sababu kufunga choo huongeza amonia. Usimkatie maharage wala nyama bila ushauri. Akikosa kuamka, akipata degedege au akitapika damu, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, mtoto anayesinzia darasani apimwe kabla ya kuadhibiwa. Mwambie na jirani yako.

(Muziki unapanda)