Jasusi wa Kihindi akifika Kisenyi huzungumza Kiganda

KAMPALA. Filamu moja ya kijasusi kutoka Mumbai huishi maisha mawili katika jiji hili. Maisha ya kwanza ni ya ukumbini, kwenye sinema ya Century Cinemax iliyoko Acacia Mall, Kololo. Huko kuna viti laini, kiyoyozi, bisi za moto na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Maisha ya pili huanza baadaye kidogo, Kisenyi, Katwe au Bwaise, ndani ya kibanda chenye mabenchi na televisheni moja. Kiingilio ni kama shilingi elfu moja, na stelingi hazungumzi Kihindi wala Kiingereza. Anazungumza Kiganda, kwa sauti ya mtu mmoja ambaye ni stelingi, adui, mama mzazi, mkuu wa polisi na mpita njia kwa wakati mmoja.

Mtu huyo ni VJ, mfasiri na msimulizi wa filamu. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanajulikana Kampala kuliko majina ya waongozaji wengi wa Hollywood. Kwa hiyo mtu akitaka kujua Kampala inazipokeaje filamu kubwa za kijasusi za India, aanze na maswali mawili: watazamaji waliiona wapi, na nani aliwasimulia?

Swali hili limekuwa na uzito zaidi katika miaka ya karibuni, kwa sababu filamu zenyewe zimekuwa kubwa na siasa zake zimekuwa kali.

Kutoka Tiger hadi Pathaan

Kampuni ya Yash Raj ya Mumbai ilianza na Ek Tha Tiger mwaka 2012, Salman Khan akiwa jasusi wa India anayempenda jasusi wa Pakistan. Zikafuata Tiger Zinda Hai mwaka 2017, War mwaka 2019, kisha Pathaan iliyotoka Januari 25, 2023. Pathaan, iliyoongozwa na Siddharth Anand, ilimrudisha Shah Rukh Khan kama stelingi baada ya miaka minne, na ikaingiza zaidi ya rupia bilioni 10 duniani kote, yaani zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Mwaka huohuo ikatoka Tiger 3, na Agosti 2025 ikafuata War 2.

Wote hawa ni majasusi wa dunia moja ya kubuni. Tiger humtembelea Pathaan, Pathaan humwokoa Tiger. Mtazamaji aliyekosa moja hujikuta anauliza jirani.

Katika ukumbi wa Kololo, sehemu kubwa ya watazamaji wa filamu hizi ni Wahindi: wafanyabiashara, wahasibu, mafundi waliokuja kwa mikataba, na familia za Waganda wenye asili ya India ambao wazee wao walirudi baada ya kufukuzwa na Idi Amin. Nyota anapojitokeza kwa mara ya kwanza, ukumbi hupiga miluzi na makofi. Bendera ikionekana, kuna wanaonyamaza kwa heshima. Kwao maneno ya filamu hayahitaji maelezo. Wanajua Kashmir ni nini, wanajua kwa nini kufutwa kwa hadhi maalumu ya jimbo hilo mwaka 2019 kunatajwa mwanzoni mwa Pathaan, na wanajua adui ni nani.

Lakini Kampala si Mumbai. Hapa Mhindi na Mpakistani ni majirani. Kwenye maegesho ya magari yaliyotumika yanayouzwa upande wa Nakawa, wauzaji wengi ni Wapakistani. Katikati ya jiji, maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na dawa yana wenyewe kutoka Gujarat. Mwenye boda boda aliyesimama kati yao huwaita wote jina moja, Bayindi, yaani Wahindi. Mpaka ambao filamu nzima imejengwa juu yake, mpaka ambao majasusi wanaufia, mtaani Kampala hauonekani.

Kibandani vita ni vingine

Hapo ndipo kazi ya VJ inapoanza. Hatafsiri neno kwa neno. Hupunguza sauti ya filamu, hushika maikrofoni na kuieleza hadithi upya. Majina magumu huwa mepesi. Mtaa wa Delhi unaweza kufananishwa na mtaa wa Kampala ambao kila mtu anaujua. Katikati ya mapigano huingiza utani kuhusu mkwe, kodi ya nyumba au bei ya matoke. Mazungumzo yakiwa marefu kuliko subira ya watazamaji, huyafupisha. Yakiwa mafupi, huyarefusha.

Siasa za India na Pakistan ndizo hupungua kwanza. Mtazamaji wa kibandani anataka kujua mambo matatu: stelingi ni nani, adui ni nani, na nani anamsaliti nani. La kwanza halina wasiwasi, maana stelingi hafi. La tatu ndilo humkalisha kwenye benchi saa mbili na nusu.

Chukua Pathaan. Adui wake, Jim, aliyeigizwa na John Abraham, ni ofisa wa zamani wa ujasusi wa India. Alitekwa pamoja na mkewe mjamzito, shirika lake likakataa kulipa fidia, na mke akauawa. Ndipo akageuka kuwa mamluki anayeuza vita kwa mwenye pesa. Ukumbini Kololo, Jim ni msaliti wa taifa. Kibandani, ambako wengi wana ndugu au rafiki jeshini, hadithi yake huingia kwa mlango mwingine. Uganda ilipeleka wanajeshi Somalia Machi 2007, na kwa miaka yote hiyo familia za Kampala zimejifunza kusubiri simu, mshahara na wakati mwingine jeneza. Mtumishi aliyeachwa na waliomtuma si mtu mgeni kwao. VJ akimpa Jim sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kibanda humsikitikia hata kama mwishoni kitamshangilia anayempiga.

Kwa njia hiyo VJ, kwa kunyanyua au kushusha sauti tu, anaweza kugeuza filamu iliyotengenezwa kumsifu jasusi wa India kuwa hadithi ya mwajiri asiye na shukrani. Hakuna mtu Mumbai aliyempa ruhusa hiyo, na hakuna aliyemzuia.

Lyari si mbali

Mambo huwa magumu zaidi kwa filamu kama Dhurandhar, iliyotoka Desemba 5, 2025. Aditya Dhar aliiongoza, Ranveer Singh ndiye jasusi, na urefu wake unazidi saa tatu na nusu. Nayo imevuka rupia bilioni 10. Tofauti na Pathaan, hii inachanganya hadithi ya kubuni na matukio ya kweli: kutekwa kwa ndege ya India mwaka 1999, shambulio la Bunge mwaka 2001, mauaji ya Mumbai mwaka 2008. India kwenyewe ilizua ugomvi kati ya walioiona kazi bora na walioiona propaganda. Nchi za Ghuba, ambako Wahindi na Wapakistani wanafanya kazi pamoja kwa mamilioni, hazikuionyesha kwenye kumbi zao.

Jasusi wa Dhurandhar anajipenyeza kwenye magenge ya Lyari, mtaa mkongwe wa Karachi. Kwenye filamu, Lyari ni bunduki, moshi na damu. Wenye mtaa walinung'unika kwamba kwao kuna zaidi ya magenge, na Serikali ya jimbo la Sindh ikatangaza filamu ya kujibu, Mera Lyari. Malalamiko hayo yana msingi. Lyari ni mtaa wa soka, ambako jezi za Brazil ni nyingi kiasi cha watu kuuita Brazil ndogo. Ni mtaa wa ndondi pia. Bondia wake, Hussain Shah, aliipatia Pakistan medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Lipo jambo jingine ambalo mtazamaji wa Kampala angependa kulijua. Miongoni mwa wakazi wa Lyari wamo Masheedi, watu ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa. Ngoma yao huitwa mugarman, na katika nyimbo zao za ibada watafiti wamekuta maneno yenye asili ya Kiswahili. Mwaka 2018, Tanzeela Qambrani alikuwa mwanamke wa kwanza wa jamii hiyo kuingia Bunge la Sindh. Kwa hiyo baadhi ya nyuso za mtaa huo ni za jamaa zetu waliopotea baharini.

Kampala inajua inavyokuwa mtu wa nje anapokuja na kamera. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 iliipeleka duniani Kampala ya Amin. Miaka 10 baadaye, Queen of Katwe ya Mira Nair ikaonyesha kwamba katika mtaa uleule wa matope anaweza kutoka bingwa wa chesi. Mtaa mmoja, kamera mbili, sifa mbili tofauti. Anayejua hivyo kuhusu Katwe hana sababu ya kuamini kila anachoonyeshwa kuhusu Lyari. Lakini nani atamkumbusha, kama si VJ?

Sauti isiyo na mkataba

VJ naye hana mahali pa kusimama kisheria. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri. Za Kenya ya mwaka 2001 na Tanzania ya mwaka 1999 zinasema vivyo hivyo. Hata hivyo kazi hii imekua katika nchi zote tatu. Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake iliuza kanda kutoka Dar es Salaam hadi mikoa ya Ziwa. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina kizazi kizima cha ma-VJ, na maduka ambako kijana hujaziwa filamu kwenye flashi kwa bei ya rolex moja.

Wanaoumia wapo. Aprili 2017 wasanii wa filamu wa Dar es Salaam waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Hoja yao ilikuwa rahisi: hakuna msanii wa hapa anayeweza kushindana na filamu ya mabilioni inayouzwa kwa bei ya soda.

Lakini kufunga vibanda hakutarudisha watu ukumbini. Kampala iliwahi kuwa na kumbi za kati ya jiji, na nyingi zilionyesha filamu za Kihindi. Norman Cinema, iliyojengwa na mfanyabiashara Mgoa Norman Godinho, ilikuwa fahari ya mji. Agosti 1972 Amin akatangaza siku 90 za kuwafukuza Waasia, wenye kumbi wakaondoka, na baadaye jengo la Norman likawa kanisa la Watoto. Vibanda vilijaza pengo ambalo hakuna mwingine aliyelijaza.

Njia ya halali ipo na imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili kwa makubaliano na wenyewe. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Wachina walielewa kitu kimoja: kanda hii ina lugha inayosikika kutoka Mombasa hadi Kisangani.

Uganda nayo imekwisha kuamua upande wake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji, pamoja na kufundishwa shuleni. Kikwazo ni masikio. Wazee wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa askari mwenye bunduki. Mtoto atakayekisikia kwanza kwenye kinywa cha stelingi atakuwa na kumbukumbu nyingine.

Hii haina maana ya kumnyamazisha VJ wa Kiganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuanza na jambo dogo: leseni moja ya tafsiri, itakayotambuliwa na nchi wanachama, ambayo msambazaji wa Mumbai anaweza kuiuza na VJ wa Kampala, Nairobi au Dar anaweza kuinunua kwa bei ya kipato chake. Mwenye filamu atapata chake, ambacho leo hapati kabisa. Msanii wa Kariakoo atashindana na bidhaa iliyolipiwa. Naye VJ atakuwa na jina kwenye mkataba, na mwenye jina kwenye mkataba anaweza kuulizwa alisema nini.

Kwa sasa haulizwi. Filamu ya saa tatu na nusu kuhusu magenge ya Karachi ikifika Kisenyi, mtu mmoja mwenye maikrofoni ndiye ataamua kama Lyari ni pango la maadui tu, au ni mtaa wenye mabondia, wacheza mpira na watu waliotoka pwani yetu. Sentensi moja ingetosha, na ingeweza kusemwa kabla stelingi hajamaliza kubadilisha risasi.