Je, Wajua? Mbolea Iliyolala Chini ya Ziwa Kivu

Ukisimama Nengo, mjini Gisenyi, Rwanda, unaona Ziwa Kivu likiwa safi, la buluu. Lakini vilindini kumejaa naitrojeni na fosforasi, virutubisho vilevile vya mbolea ya shambani, vilivyolundikana kwa karne nyingi kutokana na mabaki ya viumbe yanayozama na kuoza. Ziwa hili lina kina cha mita 485 hivi. Maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, kwa hiyo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Bahati njema kwa wavuvi!

Mtambo wa KivuWatt huko Karongi, uliozinduliwa mwaka 2016 kuzalisha umeme, huvuta maji hayo, huyatoa gesi ya methani iliyoyeyuka ndani yake, kisha huyarudisha kilindini. Yangemwagwa juu, mwani ungefumka na kufa. Bakteria wa kuuozesha wangemaliza oksijeni wanayoitegemea sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa Victoria limeshaonja madhara ya virutubisho kupita kiasi: mwani, magugumaji, samaki kukosa pumzi. Huko, virutubisho vingi huingia kutoka mashambani na mijini. Mvua za Rubavu, wilaya ya Gisenyi, nazo hubeba udongo wa mashamba hadi Ziwa Kivu, lakini matuta ya milimani husaidia kuuzuia.