Pangani kwa Mtumbwi: Uliza Kwanza Mwezi Ngapi

Anayetaka kwenda Pangani mwisho wa wiki huanza kuhesabu likizo, nauli na chumba cha kulala. Yote hayo yana nafasi yake, lakini kama nia ni kupanda mto kwa mtumbwi au kayaki, yasubiri kwanza. Linalotangulia ni tarehe ya mwezi mwandamo. Hiyo ndiyo itakayoamua kama utapiga kafi asubuhi huku maji yakikusukuma, au utatoka jasho saa nane mchana unavutana na mkondo unaotaka kukutupa baharini.

Mto wenyewe, huku chini, ni mpole. Maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, yakakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakashuka Korogwe kwenda pwani. Safari nzima ni kama kilomita 500. Makeke yake huyamalizia kwenye maporomoko ya Hale na Pangani, ambako TANESCO huvuna umeme: Hale tangu 1964, New Pangani Falls tangu 1995. Ukishavuka hapo mto unatulia, unajikunja na kujikunjua kati ya minazi, bila mawe wala maporomoko. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kushika kafi ningemleta hapa kabla ya kumpeleka Rufiji, kwenye viboko.

Ila upole huo una mwenyewe, naye ni bahari. Mara mbili kwa siku maji hujaa na kuupanda mto, mara mbili hupwa na kuushuka. Kwenye bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hufika mita tatu na zaidi, na maji yote hayo yanapita kwenye mlango mmoja wa mto. Kwenye maji mafu, kama tarehe 7 na 8, kisha 22 na 23 za mwezi mwandamo, tofauti hupungua sana na mkondo hulegea.

Sasa hesabu. Siku za bamvua, pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, yakifika maji mafu, kilele cha kujaa kimehamia kwenye saa nne asubuhi. Hapo ndipo pa kulenga. Unaingia majini saa moja, jua halijawa kali, bahari inakupandisha taratibu. Saa nne maji yanasimama kidogo, unapumzika kivulini, unakula embe lako. Yakianza kupwa unageuza, na unarudi mjini bila kuvunjika mabega. Ukienda siku ya bamvua utalazimika kuondoka saa saba juani na kurudi magharibi, mkondo ukiwa mkali na upepo wa alasiri ukikupiga usoni. Wapo wanaoipenda safari hiyo kwa sababu ya picha za machweo. Machweo ya Pangani hayana ubaya, ila yafaa zaidi kutazamwa kutoka kwenye boti ya injini yenye nahodha wake.

Saa hizo ni za kukadiria tu. Jedwali la maji la Tanga litakupa dakika zenyewe, na mzee yeyote anayeshona nyavu pale ufukweni atakupa kilichobaki. Mwamkie, kisha muulize, “Mzee, leo mwezi ngapi, na huko juu maji yanageuka saa ngapi?” Swali la pili ndilo lenye faida, maana kujaa huchelewa kufika juu. Mlangoni maji yanaweza kuwa yameshaanza kutoka wakati huko kwenye minazi bado yanapanda. Anayetazama saa ya mjini peke yake hugeuza mapema, akajikuta anapiga kafi dhidi ya maji yaliyokuwa yanataka kumbeba.

Kuhusu majira, Machi mwishoni hadi Mei achana nayo. Masika huleta maji ya udongo na magogo yanayoelea nusu yamezama. Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari pale mlangoni, ingawa ndani ya mto unaweza kupita. Mimi napendelea Januari na Februari, au Septemba kabla vuli haijaanza.

Usikimbilie umbali. Mtu asiye na mazoea huenda kama kilomita nne kwa saa kwenye maji yaliyotulia, na kinachofaa kuonwa hakiko mbali. Anza kwa kutazama miti. Karibu na mlango, mbele kabisa majini, husimama mlilana, mti ambao mafundi wa vyombo huutafuta kwa ajili ya mataruma. Nyuma yake mikoko yenyewe, mizizi imejipinda juu ya tope, kaa wekundu wakiingia na kutoka kwenye mashimo. Ukisogea juu mikoko inapungua, matete na mikindu inachukua ukingo, na mdiria anaanza kukaa kwenye makuti yanayoning'inia juu ya maji. Chovya kidole, onja. Mahali chumvi inapopotea ndipo mto unaporudi kuwa mto.

Mahali hapo hapabaki palepale. Maji mengi huchotwa huko juu kwa mashamba na kuzuiwa kwa mabwawa, hivyo yanayoshuka hayana tena nguvu ya kuisukuma bahari, na chumvi imezidi kupanda. Wenye mashamba ya kando ya mto wanalijua hilo kuliko mtalii yeyote.

Mashamba hayo nayo yana mengi. Katika miaka ya 1870 na 1880 kingo hizi zilikuwa za miwa, na waliotoa jasho ni watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa hapa, na ni hapa hapa Pangani walipomnyonga Desemba 1889. Miaka minne baadaye, Kikogwe, kusini mwa mto, Mjerumani Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza wa nchi hii. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ilisalimika 62. Kilimo cha mkonge kilichokuja kuufunika mkoa wa Tanga kilianzia kwenye hiyo.

Mamba wapo. Hawazuii safari, lakini wanaipangia adabu: usiogelee, usining'inize mkono majini, usishukie kwenye tope lenye njia iliyolainishwa kama limeburutwa gunia, na usiwe mtoni gizani. Nenda na kijana wa pale anayejua wanapoota jua. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Atakayekwambia mto huu hauna haja ya jaketi, tafuta mwingine. Mtumbwi wa kuchonga hutikisika, kwa hiyo kaa chini kwenye sakafu yake, na uwe na kopo la kufulia maji. Kayaki ya plastiki imetulia zaidi, na hoteli za fukwe za kusini hukodisha. Kivuko kinachokwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kipishe, upite nyuma yake. Fungu la mchanga la mlangoni usilivuke kabisa, hata bahari ikionekana shwari.

Bei mpatane nchi kavu, tena kwa safari nzima. Mwenye chombo hesabu yake ni ya saa, na yako itakuwa na nusu saa ya kungoja maji yageuke huko juu. Hiyo itajeni kabla hamjasukuma mtumbwi, pamoja na nani anabeba maji ya kunywa na kama chakula cha kijana kimo ndani ya bei.