Mafuriko Hupimwaje Kutoka Angani?

Mwaka 2022 wenzetu wa Pakistan walipatwa na mafuriko makubwa. Watu zaidi ya 1,700 walifariki na wengine milioni 33 wakaathirika. Ikatangazwa duniani kote kwamba theluthi moja ya nchi ile iko chini ya maji. Je, ni kweli?

Jambo hili hupimwa kwa setilaiti. Zile zenye kamera za kawaida huzibwa na mawingu, na mafuriko huja na mawingu. Kwa hiyo hutumika za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, usiku na mchana, nayo hupenya mawingu. Yakigonga udongo au majani hutawanyika na baadhi hurudi. Yakigonga maji yaliyotulia hurukia upande wa pili, kama mwanga juu ya kioo, wala hayarudi. Basi maji huonekana meusi.

Huchukuliwa picha mbili za mahali pamoja, ya kabla ya mvua na ya baada. Palipokuwa peupe kisha pakawa peusi, maji yameingia. Mto Indus na ziwa Manchar havihesabiwi, kwani vilikuwapo tangu mwanzo. Picha ina vijiraba vidogo. Kila kimoja kikiwa mita 10 kwa 10, vijiraba 10,000 ni kilomita moja ya mraba. Hesabu ya darasani tu!

Lakini mitego ipo. Mchanga mkavu wa jangwani nao huonekana mweusi. Mashamba ya mpunga ya Sindh hujazwa maji na wakulima wenyewe. Na maji yaliyosimama baina ya nyumba mara nyingi hung'aa, hata mtaa ukadhaniwa mkavu hali watu wako juu ya mapaa. Huu ndio mtego mbaya zaidi, maana misaada hufuata ramani.

Kituo cha setilaiti cha Umoja wa Mataifa, UNOSAT, kiliunganisha picha za mwezi mzima wa Agosti. Kila mahali palipoonekana maji, hata kwa muda mfupi, palihesabiwa. Jumla ilikuwa takriban kilomita za mraba 75,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya nchi. Theluthi haikufika. Hata hivyo ukubwa wa eneo hausemi maji yamekaa muda gani: kule Sindh, kwenye tambarare, msimu wa kupanda ngano ulifika mashamba mengi yakiwa bado yamefunikwa.