Miligramu 3 za thoriamu kwenye mshono wa plutoniamu

Tarehe 21 Aprili 1964 satelaiti ya Marekani ilirushwa lakini ikashindwa kufika kwenye njia yake. Ilianguka kurudi duniani, na mtambo wake wa umeme ukaungua juu ya Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Madagaska. Mtambo huo ulikuwa na takriban kilo 1 ya plutoniamu-238. Ulikuwa umeundwa makusudi uteketee na kutawanyika juu kabisa hewani ajali ikitokea, na ndivyo ulivyofanya. Vumbi lake lilienea na kushuka polepole kwa miaka kadhaa. Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tulikuwa majirani wa tukio hilo, na ni wachache mno waliowahi kulisikia.

Plutoniamu hii hutoa mionzi ya alfa, ambayo hata karatasi huizuia. Ukiishika nje ya mwili, ngozi inakukinga. Balaa ni kuivuta kwa pumzi. Chembe iliyokwama kwenye mapafu huzipiga seli zilezile mwaka baada ya mwaka. Nyingine huingia kwenye damu na kutua kwenye ini na mifupa, na hapo saratani hupata pa kuanzia. Huchukua miaka karibu 88 kwa nusu yake tu kuisha. Ndiyo maana baada ya 1964 wahandisi waliligeuza wazo lao kabisa: plutoniamu isitawanywe, ifungwe, na isitoke hata chombo kikianguka.

Metali waliyoichagua kuifungia ni iridiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 2,446 za Selsiasi. Kidonge cha oksidi ya plutoniamu cha takriban gramu 150 huwekwa kati ya vikombe viwili vya aloi ya iridiamu, kisha vikombe hivyo huchomelewa kwa kuzungushia mshono mmoja katikati. Chombo cha Cassini, kilichoondoka kwenda Zohali Oktoba 1997, kilikuwa na vidonge 216 vya namna hiyo kwenye mitambo yake ya umeme. Kila kimoja kilitegemea mshono wake.

Lakini iridiamu safi ina udhaifu. Metali iliyoyeyuka ikianza kuganda, punje ndogo za fuwele huota sehemu nyingi kwa wakati mmoja, zikakua mpaka zikakutana. Zinapokutana, atomi hazijipangi sawasawa, na hapo hubaki mpaka wenye upana wa atomi chache tu. Ni kama ukuta wa mawe ya matumbawe: jiwe lenyewe ni imara, lakini ufa hutafuta chokaa. Iridiamu safi ikigongwa kwa ghafla hupasuka kwa kufuata mipaka hiyo, na kidonge kinachoanguka toka angani hugonga ardhi kwa kishindo.

Dawa ilipatikana kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Aloi yao, DOP-26, ni iridiamu yenye asilimia 0.3 ya tungsteni, pamoja na alumini kidogo na thoriamu gramu 60 kwa kila tani. Maana yake, gramu 50 za aloi hiyo zina miligramu 3 tu za thoriamu. Kiasi hicho kinatosha kwa sababu hakisambai sawa. Atomi ya thoriamu ni kubwa mno kukaa vizuri ndani ya punje ya iridiamu, kwa hiyo husukumwa mpakani, ambako hujikusanya kwa wingi unaozidi wa ndani ya punje mara mamia. Ikiwa pale, hukaza mshikamano wa punje na kuzizuia zisinenepe kwenye joto kali.

Wakati wa kuchomelea, tabia hiyohiyo huwa hatari. Metali ya mshono inapoganda, thoriamu hukimbilia kwenye tone la mwisho lililobaki majimaji, na umajimaji wenye thoriamu nyingi huganda kwenye joto la chini zaidi kwa mamia ya nyuzi. Punje zinakuwa zimeshaganda huku utando mwembamba wa majimaji ukiwa bado kati yake. Metali inapopoa husinyaa na kuzivuta punje pande mbili. Utando hauna nguvu ya kuzishikilia, na ufa unazaliwa mshono ungali wa moto. Mafundi wetu wa kuchomelea chuma wanaujua ufa wa aina hii, ingawa kwao mkosaji mara nyingi ni salfa. Manganizi huwekwa kwenye chuma ili iinase salfa hiyo.

Aloi ya iridiamu yenye thoriamu gramu 200 kwa tani ilipasuka ilipochomelewa kwa umeme wa kawaida. Gramu 60 ni mapatano kati ya kulinda mpaka na kuuponza. Na hata hapo, kwenye kiwanda cha Savannah River, Carolina Kusini, wachomeleaji walikuta nyufa ndogo chini ya mshono, pale moto unapomaliza mzunguko na kupita tena ulipoanzia. Mipaka iliyokwisha kujaa thoriamu ilikuwa inayeyushwa upya. Waliutikisa moto wa kuchomelea kwa sumaku yenye ncha 4, na mishono ikakaguliwa kwa mawimbi ya sauti.

Agosti 1999 Cassini ilirudi kupita karibu na Dunia, umbali wa kilomita 1,171 hivi, ili kuongeza kasi. Walioandamana kabla ya kurushwa kwake waliuliza swali la haki kabisa: je, kikianguka, plutoniamu itavuja? Naona lilistahili kujibiwa kwa lugha ya wachomeleaji pia, kwa sababu roketi ikishafeli, kinachobaki kati ya vumbi hilo na mapafu ya watu ni kifuniko cha nyuzi za kaboni, ukuta mwembamba wa iridiamu na mpaka wa punje uliolindwa na thoriamu.

Thoriamu yenyewe ina mionzi, na hilo huwasumbua wanaoiyeyusha. Watafiti wameunda aloi nyingine ambamo seriamu inachukua nafasi ya sehemu kubwa ya thoriamu. Nayo ilibidi ijaribiwe mara mbili: kwa kugongwa, kisha kwa kuchomelewa. Wakati huohuo gari la Perseverance, lililotua Mirihi Februari 2021, linaendeshwa kwa joto la vidonge 32, kila kimoja kikiwa ndani ya vikombe vyake viwili vya iridiamu.