Barabara Zilitulia, Wazee Wakaendelea Kuanguka

Tukisikia neno ajali wengi wetu hufikiria pikipiki, basi na lori. Hatufikirii sakafu ya bafu. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofanya nchi nyingi ziwafungie watu majumbani, hospitali ziliona wazi ni mifupa ipi huvunjikia barabarani na ipi huvunjikia nyumbani.

Afrika Kusini iliamuru watu wabaki nyumbani tangu tarehe 27 Machi 2020, ikapiga marufuku pia uuzaji wa pombe. Wodi za majeruhi, ambazo mwisho wa juma hujaa waliopigana na waliogongwa na magari, zikapata nafasi. Tarehe 1 Juni pombe iliruhusiwa, majeruhi wakarudi kwa wingi. Tarehe 12 Julai ikapigwa marufuku tena. Akina baba tunaopitia kilabuni baada ya Misa tuyasome haya polepole.

Uingereza ilifunga tarehe 23 Machi. Michezo ilisimama, shule zilifungwa, magari yakawa machache. Waliovunjika viwanjani na barabarani walipungua sana. Lakini wazee waliovunjika nyonga waliendelea kuletwa karibu kama kawaida. Mzee haangukii uwanja wa mpira. Huanguka akiamka usiku gizani, akikanyaga mkeka uliojikunja, au akiingia msalani penye maji. Mifupa ya uzeeni, hasa ya mama aliyekwisha kukoma hedhi, huwa imepungua nguvu, hata anguko dogo huivunja.

Jirani zetu wa Uganda waliona upande mwingine. Mwishoni mwa Machi 2020 mabasi yalisimamishwa, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na magari ya watu binafsi yakazuiwa. Kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari kulihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Ni kweli bodaboda huvunja miguu mingi. Lakini ndizo hizo hizo zinazomfikisha hospitali mtu wa kijijini aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Zikisimama, naye hukwama.

Sisi Tanzania hatukufungiwa majumbani, ingawa shule zilifungwa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo kuchelewa tunakujua vizuri: nauli haipo, mazao yanasubiri, jirani ni hodari wa kukanda. Wakati huo mfupa hausubiri. Mfupa wa mtoto huanza kuunga ndani ya majuma mawili tu, na ukiunga umepinda, kuunyosha ni kazi kubwa. Bega lililoteguka hurudishwa kwa urahisi siku ile ile. Likikaa majuma matatu, mara nyingi huhitaji upasuaji. Mfupa uliotoboa ngozi ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo, kwa maana uchafu ukiingia mfupani matibabu huweza kuchukua miezi, na pengine mguu hupotea.

Mtu akiumia, msimkande wala kumvuta. Fungeni kiungo kwa vipande viwili vya ubao vilivyozungushiwa kanga, vipite kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika, kisha mwende hospitali. Njiani tazameni vidole. Vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legezeni kamba mara moja. Watoto wamewahi kukatwa mkono uliovunjika kidogo tu, kwa sababu ulifungwa kwa kubana mno. Hata mwenye hogo la hospitali akilalamika maumivu makali yanayozidi, arudishwe, hata kama ni usiku.

Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Msimlaze mkingoja apone. Kitandani hupata vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu, na hivyo ndivyo vinavyowaua wengi, kuliko mfupa wenyewe. Upasuaji ukifanyika mapema, ndani ya siku moja au mbili inapowezekana, hata bibi wa miaka 80 huweza kutembea tena kwa mkongojo.

Wanajumuiya mnapokwenda kusali kwa wazee, angalieni pia njia ya kwenda chooni: kuna taa? Kuna mti wa kushikia? Ndala zake zimekwisha soli? Ubao wa kushikia na misumari minne havizidi nguvu za jumuiya.