Ganzi ya Jino la Mtoto: Mzazi Ameridhika?

Jino la mtoto likioza nyumba nzima hailali. Huku Bagara, mjini Babati, mzazi atajaribu karafuu kwanza. Atajaribu maji ya chumvi. Shavu likivimba ndipo atambeba mtoto kwenda Mrara hospitali, na njiani anawaza jambo moja tu: sindano ya mdomoni, je, ataiweza? Sisi tunawaza na jambo la pili. Mtoto akishatibiwa, nani anamwuliza mzazi kama ameridhika? Tena anamwuliza namna gani?

Kwanza tuijue ganzi yenyewe. Ni dawa inayozuia mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Mtoto anasikia jino linasukumwa, lakini hasikii uchungu. Dawa inayotumika sana ni lignokaini, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Nils Löfgren huko Uswidi mwaka 1943. Kiasi chake hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo usishangae akiwekwa kwenye mizani kabla ya sindano. Dawa hushika baada ya dakika chache, na mdomo hubaki umekufa ganzi kwa saa mbili au tatu hivi. Katika saa hizo mtoto aweza kujitafuna mdomo bila kujua. Asile mpaka ganzi iishe. Mzazi asipoambiwa jambo hili, jioni mdomo wa mtoto unavimba, naye anasema sindano ilikuwa mbaya. Kumbe sindano ilikuwa nzuri, maelezo ndiyo yaliyokosekana.

Tena si kila jino lililotoboka hutaka sindano. Katikati ya miaka ya 1980, huko Dar es Salaam, mganga wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, na wenzake walianza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu bila mashine wala umeme. Mara nyingi njia hiyo haihitaji ganzi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994. Basi kabla hujakubali jino ling'olewe, uliza: laweza kuzibwa?

Kuridhika kwa mzazi si jambo la mapambo. Katika miaka ya 1980 zilienea habari nchini kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana "meno ya nailoni", eti lazima yatolewe. Yale si meno ya nailoni. Ni meno ya utoto yanayochipua, hasa machonge. Watu waliyachokoa kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli, bila ganzi yoyote. Mtoto hupoteza damu, hupata vijidudu, na hata jino la ukubwani laweza kuharibika. Mambo hayo bado hayajakwisha. Mzazi aliyetoka hospitali na kinyongo, kesho atamsikiliza nani?

Sasa tuje kwenye kupima. Kuridhika hakupimwi kwa mizani, hupimwa kwa maswali, na swali baya huleta jibu bure. Mganga akikuuliza usoni, "Mama, umeridhika?", utamjibuje? Utasema ndiyo, asante. Hiyo ni adabu tu. Afadhali aulize mtu mwingine, si yule aliyetibu. Aulize kwa lugha ambayo mzazi anaisema vizuri, iwe Kiswahili, Kigorowa, Kiiraqw au Kirangi. Na aligawe swali. Je, ulielezwa kabla ya sindano? Walingoja ganzi ishike ndipo wakashika koleo? Mtoto aliumia kiasi gani? Ungemshauri jirani yako amlete mtoto wake? Kwa maoni yetu hili la mwisho ndilo lenye nguvu. Mtu aweza kumsifu mganga kwa heshima, lakini hampeleki jirani mahali pabaya.

Majibu hupewa namba. Namba 1 ni sikuridhika kabisa, namba 5 ni nimeridhika sana. Hebu tufanye hesabu, ni mfano tu. Wazazi 20 wameulizwa. Kumi wametaja 5, sita wametaja 4, wawili wametaja 3, na wawili wametaja 1. Jumla ni 50 + 24 + 6 + 2, yaani 82. Gawa kwa 20, unapata 4.1. Waliotaja 4 au 5 ni 16, sawa na 80 katika kila mia. Hesabu nzuri, si ndiyo? Lakini wale wawili waliotaja 1 ndio wenye habari. Pengine jino la mtoto wao lilivutwa ganzi haijashika. Wastani unawaficha. Na waliokata tamaa kwenye foleni wakarudi nyumbani hawamo kabisa katika hesabu hii.

Halafu kuna mtoto mwenyewe. Mzazi aweza kutaja 5 kwa sababu jino limetoka na leo watalala. Mtoto je? Huko Marekani, katika miaka ya 1980, Donna Wong na Connie Baker walichora nyuso sita, kuanzia uso unaocheka mpaka uso unaolia machozi. Mtoto wa miaka mitatu na zaidi anaonyesha kwa kidole uso unaofanana na maumivu yake. Hahitaji kujua kusoma. Mzazi akisema 5 na mtoto akagusa uso wa machozi, wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amejibu swali lake. Kuhusu uchungu, sisi tunamsikiliza mtoto.

Hospitali nyingi zina sanduku la maoni. Wewe umejifunza kusoma na kuandika, basi litumie. Jina lako si lazima. Andika tarehe, umri wa mtoto, na mambo yalivyokwenda. Mathalan: "Mtoto wangu ana miaka sita. Aling'olewa jino la chini. Alichomwa ganzi, lakini hatukungoja, akapiga kelele. Sikuambiwa asile. Jirani akiniuliza, sijui nimwambie nini."